Shall: Neno Lililozaliwa na Deni

Mkataba wangu wa kwanza wa kupanga nyumba ulikuwa na kurasa tatu na lugha mbili, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Kifungu cha saba, upande wa kulia, kilisema kwamba mwenye nyumba atakarabati paa. Masika yalipoingia nikatega ndoo mbili sebuleni na beseni moja chumbani, halafu nikaenda kumwona. Mzee alinipokea vizuri, akaniagizia chai, akavaa miwani na kukisoma kile kifungu kwa sauti, neno kwa neno.

"Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

"Atakarabati, mzee."

"Basi. Kwani mimi nimekataa? Nitakarabati."

Nilirudi kwenye ndoo zangu. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu Kiswahili alikuwa amekisoma sawasawa. Upande wa kushoto wa karatasi ile aliyeandika Kiingereza aliweka shall, na neno hilo lilipovuka kwenda kulia likaanguka njiani. Aliyelitafsiri aliliona, akakumbuka darasa la Kiingereza, akalipa kazi ya wakati ujao. Sura hii ni ya neno hilo moja.

Wengi wetu tulikutana nalo ubaoni, ndani ya jedwali. I na we huchukua shall. You, he, she, it na they huchukua will. Mwalimu wetu aliisimamia kanuni hiyo kama amri ya kambini, na aliyeandika I will kwenye insha ya likizo alirudishiwa daftari lina wino mwekundu. Tena kulikuwa na sehemu ya pili, iliyotuchanganya zaidi: ukiyabadilishia maneno hayo nafasi, ukampa yeye shall na mimi nikachukua will, huwi unatabiri tena. Unaamuru, au unaahidi, au unakaidi. Ili tuelewe, tulisimuliwa kisa cha mgeni aliyetumbukia mtoni Uingereza, akapiga kelele: I will drown, nobody shall save me! Waungwana waliokuwa ukingoni wakamwacha azame. Kwa sarufi yao alikuwa ametangaza nia ya kufa na kupiga marufuku kuokolewa.

Ni mzaha wa zamani sana, na kila simulizi ina mgeni wake. Lakini unaonyesha jambo la kweli kuhusu kanuni yenyewe: ni kanuni ya vitabuni. Mmoja wa mawakili wake wa mwanzo alikuwa John Wallis, profesa wa jometri wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye mwaka 1653 alitoa sarufi ya Kiingereza aliyoiandika kwa Kilatini. Huyu ndiye pia aliyewapa wanahisabati alama ya kisicho na mwisho, ile nane iliyolala. Nane iliyolala imedumu. Kanuni ya shall na will haikuwahi kukaa vizuri vinywani mwa watu. Waskoti na Waairishi hawakuishika, Wamarekani waliiacha mapema, na kijana wa London wa leo akisema I shall, wenzake watadhani anaigiza. Nasikitika kwa ajili ya wino mwekundu wote ule.

Ukitaka kulijua shall lilivyo, mpite Wallis urudi nyuma zaidi, hadi Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066. Wakati huo liliandikwa sceal, na maana yake ilikuwa nadaiwa. Lilitumika hata kwa fedha: mtu alisema kiasi anachodaiwa kwa kitenzi hichohicho. Ndugu yake yupo Ujerumani mpaka leo, neno Schuld, ambalo peke yake lina maana mbili, deni na hatia. Kutoka kudaiwa fedha Waingereza wakafika kwenye kudaiwa tendo: nadaiwa kwenda, yaani sina budi kwenda. Na kwa kuwa deni la leo hulipwa siku inayokuja, neno likaanza kunukia kesho. Harufu hiyo ndiyo walimu wetu waliyoifundisha, wakatuficha deni lenyewe.

Will limetoka ukoo mwingine kabisa. Asili yake ni kutaka. Mtu aliyesema I will go alikuwa akisema ataka kwenda, na kutaka huko nako, kwa kutumiwa sana, kukawa kesho.

Kiswahili nacho kimepita njia gani kuifikia kesho? Kiambishi -ta- cha nitakwenda kimefupishwa kutoka kitenzi kutaka, na ushahidi bado unaonekana kila unapoweka kirejeshi: atakayekuja, kitakachobaki, siku itakayofika. Hapo taka inajitokeza nzima, haijakatwa mkia. Wakati ujao wetu basi ni jirani wa will. Anayeweka -ta- kila anapokutana na shall amepokea neno la deni akalirudishia neno la hamu. Mwenye nyumba wangu alikuwa sahihi hata kwa historia ya lugha. Alitaka kukarabati paa. Alitaka tu.

Kinachonishangaza ni kwamba ulimi wetu unalijua shall vizuri kuliko kalamu zetu. Mwingereza mwenye adabu akiuliza shall I open the window, hakuna Mswahili atakayetafsiri kwamba nitafungua dirisha? Atasema: nifungue dirisha? Akiambiwa shall we go, atasema twende? Mara moja, bila kufikiri, tunaiacha -ta- na kushika ile -e ya mwishoni, inayobeba ombi, agizo na idhini. Na waliotutafsiria Amri Kumi walilifahamu hilo. Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 imejaa shalt not katika ukurasa ule, ila Biblia ya Kiswahili ya muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952, inasema usiibe. Hutaiba ingekuwa utabiri, tena wenye matumaini makubwa mno juu ya binadamu.

Katika mazungumzo shall limezeeka. Makao yake sasa ni penye muhuri: sheria, mikataba ya mataifa, zabuni, katiba za vyama, viwango vya ubora. Tanzania imelitungia hata kifungu. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, inaeleza kwamba pakitumika may katika kutoa mamlaka, mwenye mamlaka ana hiari ya kuyatumia au kuyaacha. Pakitumika shall katika kukabidhi jukumu, jukumu hilo lazima litekelezwe. Ungedhani mjadala umefungwa. Haukufungwa. Katika rufaa moja ya jinai iliyofunguliwa mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba shall iliyomo ndani ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haibani bila kuangalia mengine, kwa sababu sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 388, inasamehe kasoro za utaratibu ambazo hazikuvuruga haki. Kwa lugha ya nyumbani: deni lipo, ila mdai anaweza kulisamehe kama hakupata hasara.

Kenya walikwenda mbali zaidi, wakalipeleka neno hili hadi kwenye mlango wa Bunge. Katiba yao ya mwaka 2010 inasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa, wanachama wa jinsia moja shall wasizidi theluthi mbili. Uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba hiyo ulipokaribia, Mwanasheria Mkuu aliiuliza Mahakama ya Juu: shall hii ni ya sasa hivi, au ni ya kufikiwa polepole? Tarehe 11 Desemba 2012 majaji walio wengi walijibu kwamba ni ya hatua kwa hatua, wakaweka ukomo wa tarehe 27 Agosti 2015 wa kutunga sheria ya kuitekeleza. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipingana nao, akaona kanuni ilipaswa kufanya kazi katika uchaguzi wa Machi 2013. Wote walisoma neno moja, kwenye ukurasa mmoja. Mmoja aliona deni lililoiva, wengine wakaona deni la mafungu.

Ukomo ulifika, ukasogezwa mwaka mmoja, ukapita. Sasa angalia Katiba ileile inavyosema katika ibara ya 261(7): Bunge likikaidi amri ya mahakama ya kutunga sheria inayotakiwa, Jaji Mkuu shall amshauri Rais alivunje, na Rais shall alivunje. Shall mbili ndani ya sentensi moja, wala hakuna may hata ya dawa. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga, miezi michache kabla ya kustaafu, alilipa deni lake: alimwandikia Rais Uhuru Kenyatta kumshauri alivunje Bunge. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wa ushauri huo. Shall ya kwanza ilitimizwa. Ya pili ilibaki mahakamani, na Bunge lile lile likakaa hadi Wakenya walipopiga kura tena Agosti 2022.

Kuna wanaosema kisa hiki kinathibitisha kwamba shall ni neno bovu. Sikubaliani nao. Neno lilisema lilichotumwa kusema. Waliodaiwa ndio hawakulipa. Hakuna kitenzi duniani, cha Kiingereza wala cha Kiarabu, kinachoweza kumkamata mtu shati.

Lakini kuna siku neno hili lilikaribia kuangusha mkataba wa dunia nzima, na siku hiyo lilikuwa na nguvu kamili. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 2015, Le Bourget, nje kidogo ya Paris. Baada ya wiki mbili za mazungumzo juu ya tabianchi, rasimu ya mwisho iligawiwa kwa wajumbe. Wanasheria wa Marekani walipofika ibara ya 4, aya ya 4, wakasimama. Iliandikwa kwamba nchi zilizoendelea shall ziendelee kutangulia katika kupunguza hewa ukaa, na kwamba nchi zinazoendelea should ziongeze juhudi zao. Rasimu za nyuma zilikuwa na should pande zote mbili. Kwa Marekani tofauti hiyo ilikuwa ya kufa na kupona: shall mahali pale ilikuwa deni jipya la kisheria, na mkataba wenye deni la namna hiyo ungelazimu theluthi mbili za Baraza la Seneti ziuridhie. Kura hizo hazikuwepo, na kila mtu ndani ya ukumbi alijua hazipo.

Kufungua upya maneno ya aya moja kungezifungua na nyingine zote. John Kerry, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alisema wazi kwamba nchi yake haiwezi kuukubali mkataba ukiwa hivyo. Kikao kikachelewa, wajumbe wakasimama makundi makundi wakinong'onezana. Mwishowe dawa ilipatikana, na ilikuwa ya kiofisi kuliko ya kisiasa: ilielezwa kwamba shall ile ilikuwa kosa la uandishi. Ofisa wa sekretarieti akasoma orodha ya masahihisho madogo madogo, na humo ndani, katikati ya mengine, shall ikawa should. Laurent Fabius, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa aliyeongoza mkutano, akagonga kinyundo chake cha kijani na mkataba ukapita. Mjumbe wa Nikaragua alipewa nafasi ya kulalamika baada ya kinyundo.

Should, nikumbushe, ni mtoto wa shall mwenyewe. Ni umbo lake la wakati uliopita. Mkataba wa Paris uliokolewa kwa kumwondoa baba na kumkalisha mtoto. Nani alifaidika na nani alipunjwa kwa badiliko lile ni mjadala mwingine, na sisi tunaosubiri mvua za vuli zisizofika tuna la kusema ndani yake. Ninachotaka uone hapa ni kwamba wajumbe wa nchi karibu 200 walikuwa na mizani moja ya maneno, na walijua uzito wa kila jiwe.

Mizani hiyo imeandikwa wazi na watu ambao pengine hungewatarajia, mafundi wa intaneti. Machi 1997 Scott Bradner wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa waraka mfupi, namba 2119, wa kuwaeleza waandishi wa viwango vya mtandao namna ya kutumia maneno ya kuamuru. Must ni lazima kabisa, na shall ni sawa nayo. Must not ni marufuku kabisa. Should ni jambo la kufanywa isipokuwa una sababu nzito ya kuliacha, ukijua unachofanya. Should not ni la kuepukwa, isipokuwa una sababu kama hiyo. May ni hiari yako.

Niliposoma orodha hiyo mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu nilishaisoma madrasani nikiwa na miaka minane, tena kwa wimbo. Faradhi, sunna, mubaha, makuruhu, haramu. Ngazi ni tano kwa tano. Hata udugu wa must na shall una mfano wake: kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, faradhi na wajibu ni kitu kimoja kwa majina mawili, wakati Mahanafi huvitenganisha. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Kiswahili hakina vipimo vya kutosha vya kubeba lugha ya sheria, namsikiliza kwa adabu, halafu namuuliza kama amewahi kumsikia bibi yeyote wa Lamu au Bagamoyo akimweleza mjukuu tofauti ya faradhi na sunna.

Wenye Kiingereza chao wenyewe wanaliacha shall pole pole. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 iliandikwa kwa must, ingawa ile ya mpito ya mwaka 1993 ilitumia shall. Kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho za Marekani ziliandikwa upya zikaanza kutumika Desemba 2007, na shall likafagiliwa. Sababu yao ni nzuri: mawakili walikuwa wamelitumia neno moja kuamuru, kuahidi, kutabiri, kuanzisha vyombo, hata kupamba tu sentensi, mpaka likawa kama sarafu iliyofutika sura.

Sisi tunakutana nalo wakati ambao wao wanaliaga. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na mahakama nazo zikaagizwa kukitumia. Maana yake ni shall maelfu kwa maelfu zinazongoja kuvuka kutoka kushoto kwenda kulia. Wengi wa wanaozivusha huweka -ta-, nao wana hoja. Katiba ya mwaka 1977 yenyewe inasema kutakuwa na Rais, kutakuwa na Bunge, na hakuna aliyewahi kuielewa kama utabiri. Nakubali, kwa kiasi: pale chombo kinapoanzishwa hakuna anayeamriwa, basi -ta- haina wa kumdhuru. Hoja ya pili ni kwamba katika lugha ya sheria kila mtu anajua ata- ni amri. Hapo nakataa. Wakili anajua. Mpangaji hajui, na mwenye nyumba anajua kujifanya hajui.

Tusitafute mbali. Sharti lipo, lazima ipo, wajibu upo, na -e ya alipe, atoe risiti ipo bila gharama. Anapaswa nisingelitumia kwa amri. Siku hizi limelegea, ukimwambia mtu anapaswa anasikia sunna. Anatakiwa lina uzuri wake, kwa sababu ni kutaka kulekule kulikogeuziwa upande: anayetaka si mtendaji tena, ni mwingine aliye juu yake. Lakini nalo linaacha swali la nani anayemtaka. Makosa ya kuchanganya hiari na wajibu katika tafsiri yana bei. Mwaka 1889 Menelik wa Ethiopia na Italia walitia saini mkataba wa Wuchale. Kwa Kiamhari ibara ya 17 ilimruhusu Mfalme kuitumia Italia katika mambo yake na mataifa mengine, kwa Kiitaliano ilimfunga aitumie. Hiari upande mmoja, wajibu upande wa pili. Menelik aliukana mkataba, na tarehe 1 Machi 1896 maelfu ya watu walikufa Adwa, majeshi ya Ethiopia na Italia yalipopigana.

Paa langu halikufika huko. Nilihama kabla ya masika ya pili. Kwenye nyumba iliyofuata niliomba kuiandika mwenyewe ile safu ya kulia, na kifungu cha paa nikakiandika hivi: sharti mwenye nyumba akarabati paa ndani ya siku kumi na nne tangu apewe taarifa. Mama mwenye nyumba alivaa miwani, akakisoma kwa sauti kama yule mzee, kisha akanyamaza kidogo.

"Siku kumi na nne chache, baba. Weka thelathini."

Tulikubaliana ishirini na moja.